Mume wangu angoja ukaazi wa kudumu, hoteli yamtaka sasa hivi. Aombe kibali cha muda ama atulie?

BintiSilversand (Malindi)

Assalaam aleikum jamvi zima, na wasio Waislamu hamjambo pia. Mie humu ni msomaji tu wa kupita, leo ndo naandika kwa mara ya kwanza kwa hivyo mnistahamilie nikirefusha.

Mume wangu ni Muitaliano. Tulioana kwa kadhi hapa hapa Malindi mwaka 2021, cheti tunacho, mtoto tunaye wa miaka miwili na nusu. Yeye yupo kwa dipendanti, ile pasi ya kukaa na familia, yani mimi ndiye niliyemwandikia barua kama mke Mkenya nikaambatanisha kitambulisho changu, na kila ikikaribia kuisha tunarinyu. Mwezi wa tatu tukapeleka maombi ya ukaazi wa kudumu, ile PR, kwa sababu ile miaka mitatu ya ndoa tumeshaipita, tukalipa, tukapewa risiti na namba, na tangu siku hiyo kila nikifungua akaunti naona neno lile lile moja halibadiliki, nimelizoea mpaka naliota.

Sasa kisa chenyewe. Yeye kwao ni fundi wa mashine za aiskrimu na za kahawa, zile kubwa za hoteli. Pasaka tulialikwa chakula hoteli moja Watamu, tukaambiwa jelato hakuna mashine mbovu tangu juzi, mume wangu hakutulia, akaomba aione, akainama nyuma akaweka kidole chini ya mashine kikatoka na maziwa, akasema ni sili ya shafti, ule mpira wa kuzuia maziwa yasivuje, imekwisha, msiwashe tena maana maziwa yataingia kwenye mota. Wakaagiza sili, wakaweka wenyewe, ikapona. Basi tangu hapo meneja hatuachi. Ana hoteli yake na ndugu zake wana nyingine mbili, mashine ziko nyingi, na kaskazi hiyo yaja na wageni wake, anamtaka kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka Pasaka, mshahara mzuri si haba.

Nikamwambia meneja mume wangu hana kibali cha kazi. Akacheka. Ati "si ana risiti ya PR, hiyo inatosha, nani atakuja kuuliza fundi wa aiskrimu." Mie moyo ukaingia baridi. Halafu kuna kaka mmoja yuwajiita ajenti, ameniambia nimpe elfu themanini atafanya "kibali cha kusubiria PR" kwa wiki mbili. Nikamuuliza hicho kibali kinaitwaje akaniambia dada wewe unataka jina ama unataka kazi.

Kwa hivyo nauliza wenye kujua, je kuna kibali cha kazi cha muda cha mtu anayengoja ukaazi? Na akiomba kingine wakati PR iko ndani, hawatasema huyu mtu yuwayumba hajui anataka nini wakaitupa ile ya kwanza? Na dipendanti yenyewe yaisha katikati ya mwezi wa kumi na moja, tuirinyu ama tungoje tu PR itoke? Akiba yetu ndo inaelekea kwisha na mimi na duka la vitambaa mnajua hali.

MzeeWaNgomeni

Muitaliano atafuta kazi kwa Mswahili! Mie nilikuwa mtoto roketi ya kwanza ya setelaiti ilipopaa pale San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini, mwaka 1967, kijiji kizima tumesimama ufuoni, na siku hizo wao ndio waliokuwa wakituajiri sisi kubeba na kupika. Dunia duwara.

BintiSilversand

Shikamoo mzee wangu. Si kila mzungu wa Malindi ana villa na bwawa, wengine wana pikipiki ya mkono wa pili na deni la maziwa ya mtoto. Nisaidie na swali basi.

MzeeWaNgomeni

Marahaba mwanangu. Swali hilo sina, niliingia kucheka tu, nakaa hapa nasoma.

Boi_Casuarina

dada wacha wasiwasi, ukiolewa na mgeni yeye anakuwa kama raia, anafanya kazi popote, sheria iko hivyo tangu katiba mpya. mm nina rafiki mjerumani yuko na mke mgiriama anaendesha boti ya snokeli kila siku na hajawahi kushikwa. huyo meneja anasema kweli

Dada_Wakili (Mombasa)

Boi_Casuarina ndugu yangu, kutoshikwa na kuruhusiwa ni vitu viwili, na rafiki yako mjerumani muombee dua.

BintiSilversand, mie ni wakili, sifanyi mambo ya uhamiaji kila siku lakini nimeyafanya ya kutosha, na hili la Malindi na Watamu naliona sana, kwa hivyo soma pole pole.

Kwanza ndoa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, kifungu cha 37, yampa mume au mke wa Mkenya haki ya kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa. Uraia wenyewe ni kitu kingine, huo uko kwenye Katiba kifungu cha 15, na ni baada ya miaka saba. Na hapa nikupe kidogo historia maana wengi wa rika lako hamuijui: kabla ya 2010 mwanamume Mkenya akioa mgeni, mke aliweza kuandikishwa uraia, lakini mwanamke Mkenya akiolewa na mgeni mume hakupata chochote kwa ndoa ile. Mama zetu walioolewa na Waitaliano miaka ya themanini waume zao walikuwa wakihangaika na vibali mpaka wanazeeka. Kwa hivyo katiba mpya kweli ilibadilisha, hapo Boi_Casuarina amesikia nusu, ila ilibadilisha haki ya KUOMBA. Haikusema akishaoa basi siku ya pili apande boti akaajiriwe.

Pili, risiti. Risiti yaonyesha kwamba mmelipa na mmepeleka makaratasi, haina kazi nyingine. Ukaazi ukishatolewa ndipo anaweza kuajiriwa bila kibali kingine, kabla ya hapo hali yake ni ile iliyoandikwa kwenye pasi aliyonayo mkononi, na dipendanti ni pasi ya kukaa na familia, haimruhusu kazi. Akishikwa akifanya kazi bila kibali faini yafika hadi shilingi laki tano au kifungo hadi miaka mitatu au vyote viwili, na aliyemwajiri naye ana kosa lake. Huyo meneja anayecheka mwambie hivyo hivyo uone kama atacheka tena.

Tatu ndo swali lako. Kibali kinachoitwa "cha kusubiria PR" hapa Kenya hakuna. Ajenti amekuuzia hewa na ndo maana hana jina la kukupa. Vilivyopo ni hivi vya kawaida na kila kimoja kina mtu wake. Daraja D ni la mwajiriwa, mwajiri ndiye anayeomba, aeleze kwa nini Mkenya hakupatikana na ataje Mkenya atakayejifunza kazi chini ya huyo mgeni. Daraja G ni la mwenye biashara yake, hilo lataka mtaji wa dola 100,000 kwa uchache kwa hivyo nadhani tuliruke. Daraja K utasikia wazungu wa Watamu wakilitaja sana, ni la wenye umri wa miaka 35 na zaidi wenye kipato chao cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka, wastaafu wengi wako humo, lakini mwenye K anaweka ahadi ya kutofanya kazi ya malipo kabisa kwa hivyo kwenu halifai hata kidogo. Halafu kuna speshal pasi, hiyo ndo ya shughuli fupi, ni ya miezi michache, si ya miaka. Kwa kazi ya msimu mmoja mie ningeanza hapo, na hoteli ndiyo iandike barua wala si wewe.

Kuhusu kuyumba, hapana. Sijaona popote sheria inasema ukiomba kibali cha kazi umefuta maombi ya ukaazi. Ila kila fomu mseme ukweli ule ule. Kama kwenye PR mliandika hafanyi kazi anasaidiwa na mke, basi kwenye barua ya hoteli msiandike amekuwa akiwafanyia kazi tangu Pasaka. Watu wanaangushwa na tarehe kuliko sheria.

Na dipendanti RINYU. Usingoje. Maombi ya PR hayamlindi pasi ikiisha.

BintiSilversand

Dada wallahi Mungu akuzidishie, nimesoma mara mbili na mume nimemtafsiria. Amesema afadhali maana yeye mwenyewe alikuwa hataki ya meneja, mimi ndo nilikuwa nayumba kwa sababu ya hesabu za nyumbani.

Hilo la tarehe limenishtua, kwenye barua ya PR niliandika kwa mkono wangu "anafanya shughuli ndogo ndogo za ufundi." Mie nilimaanisha hapa nyumbani, taps na friji letu! Hiyo si wataisoma ni kazi?

Dada_Wakili

Eh. Wakimuita kuhojiwa aseme hivyo hivyo, tap za nyumbani kwake. Si dhambi mtu kurekebisha tap ya nyumba yake. Ila mara nyingine ukiandika barua ya serikali usitie maneno ya kupamba, ufupi ni dawa.

Kijana_wa_Shela (Lamu)

Mie nitasema la ajenti maana lilinikuta mwenyewe na bado laniuma.

Mke wangu ni wa Uhispania, mie ni mtu wa Shela, natunza nyumba za wageni. Tulipopeleka PR yetu mke alikuwa amepata nafasi ya kufundisha lugha, mtu akanitoa kwa mtu, nikakutana na bwana mmoja ana shati jeupe na fomu kwenye bahasha ya kaki ati ana "ndia yake" ndani. Nikampa elfu sitini na tano kwa mafungu matatu. La kwanza alisema ni la kufungua faili, la pili ni la kusukuma faili, la tatu mie hata sikuuliza nilituma tu niko kwenye boti nikielekea Mokowe mawimbi yanapiga simu inateleza. Mwezi moya kimya. Miezi miwili nikatumiwa picha ya karatasi ina muhuri, mke akaitazama tu akasema jina langu limeandikwa vibaya na hii tarehe ya kuzaliwa si yangu. Nikapiga simu, imezimwa.

Basi nikapanda boti, nikapanda basi Mokowe, usiku kucha, asubuhi nikashuka Nairobi na baridi ile na kikoi changu begani nikaenda Nyayo House, makao makuu ya uhamiaji, mwenyewe. Nalikuwa nimebeba halua ya Lamu kilo mbili nikidhani nitahitaji kumpa mtu, wallahi hakuna aliyeitaka wala kuiangalia. Mama wa kaunta akaingiza namba yangu akaniambia faili lako lipo, halijasukumwa wala halijavutwa, limekosa cheti cha tabia njema cha mke kutoka kwao na tafsiri yake. Meseji ya kuomba hicho cheti ilikuwa kwenye akaunti ya eCitizen, ile tovuti ya serikali, wiki saba, na akaunti alikuwa ameifungua yule bwana kwa imeili YAKE. Yani wao waniuliza, yeye asoma, anyamaza, aniomba fungu la tatu.

Kwa hivyo dadangu jambo la kwanza fanya leo kabla hujala, angalia akaunti ya maombi yenu iko kwa imeili ya nani na namba ya simu ya nani. Na Muitaliano wako kama hajaleta ile hati ya kwao ya makosa ya jinai aiagize mapema, na ile ya DCI, polisi wa upelelezi wa hapa, shilingi elfu moja na hamsini tu, akachukuliwe alama za vidole. Halua tulikula mie na dereva wa basi njia ya kurudi.

BintiSilversand

Subhanallah pole sana kaka. Nimeangalia, imeili ni ya mume wangu lakini ile ya zamani ya kwao ambayo haifungui, na namba ya simu ni ya laini yangu iliyopotea. Nimetoka jasho. Kesho tunabadilisha.

Kijana_wa_Shela

Si nimekwambia. Fungua na upande wa meseji, usitazame lile neno moja tu la juu.

Muamu_wa_Baridi (Edmonton)

Salaam kutoka kwenye barafu. Mie ni mtu wa Langoni, niko Kanada mwaka wa sita sasa. Nimeona swali nikasema niandike, maana hicho kitu anachouza huyo ajenti KIPO, lakini kiko huku, na nahisi amekisoma mtandaoni akakileta Malindi kama mtumba.

Huku kinaitwa kibali cha daraja, yani daraja la kukuvusha, si Daraja D wala G. Mtu aliyeomba ukaazi wa kudumu kwa njia za kiuchumi, Express Entry na nyingine za aina yake, akishapewa barua kwamba maombi yake yamekamilika na yamepokelewa, na kibali chake cha kazi cha sasa kinaelekea kwisha, anaruhusiwa kuomba kibali cha wazi, afanye kazi kwa mwajiri yeyote akingoja. Nililipa dola 255 za Kanada, 155 ya kushughulikia na 100 ya kuwa kibali ni cha wazi. Lazima uwe ndani ya Kanada na uwe wewe ndiye mwombaji mkuu. Wanaodhaminiwa na mke au mume wana mlango wao mwingine, hawapiti huu.

Mie kibali changu kilikuwa cha waliomaliza chuo huku, kile hupewi mara mbili maishani. Niliomba cha kuvusha wiki tatu kabla hakijaisha na hapo ndo siri yote ilipo, ukiomba kabla ya tarehe, hata kibali cha zamani kikiisha unaruhusiwa kuendelea na kazi kwa masharti yale yale mpaka wakujibu. Ukichelewa siku moja unaacha kazi, una siku 90 za kuomba kurudishiwa hali yako, na ndani ya hizo huruhusiwi kugusa kazi. Zamani watu walikuwa wanaendesha gari hadi mpaka wa Marekani wanageuka pale pale wanapewa kibali dirishani siku hiyo hiyo, huo mchezo wameufunga tarehe 23 Desemba 2024.

Halafu kuna jambo hakuna aliyeniambia nami ntawaambia. Ukiwa kwenye ule muda wa kungoja, kibali cha zamani kimeisha na kipya hakijatoka, ukitoka nje ya nchi ile ruhusa ya kuendelea kufanya kazi inakatika, ukirudi unakaa mpaka karatasi itoke. Mwezi huo huo ami yangu aliyenilea akafariki Lamu. Mshahara wangu ndo unaolisha nyumba mbili. Nikakaa. Nilimzika kwa simu, binamu yangu ameshika simu juu, naona kofia tu za watu na jeneza linapita kwenye uchochoro wetu ule mwembamba linainamishwa kupinda kona, nasikia punda akilia. Kibali kilitoka siku kumi na moja baadaye.

Dada sheria za huku usizipeleke huko. Nimeandika tu ujue huyo jamaa ameitoa wapi hadithi yake.

MzeeWaNgomeni

Mungu amrehemu ami yako kijana. Hapa sikucheka.

Kijana_wa_Shela

Amin. Mie nalikuwa kwenye maziko yale kama ni mzee ninayemdhani. Nitakutafuta inboksi.

MamaKaranga (Watamu)

Nyinyi mnazunguka sana. Mie naona dawa ni nyepesi, dada fungua biashara kwa jina lako, ufundi wa mashine, leseni ya kaunti, kodi ya KRA, kila kitu jina lako, hoteli iwalipe WEWE. Mume aende kama anakusindikiza tu. Nani atasema yuwafanya kazi? Watu chungu nzima hapa Watamu wafanya hivyo, mke ndiye mwenye pizeria kwa karatasi na mume ndiye mwenye unga mikononi.

Dada_Wakili

MamaKaranga hapo umeandika jambo ambalo naletewa ofisini angalau mara moja kwa mwezi, na kwa kawaida linaletwa likiwa limeshaharibika.

Biashara kwa jina la mke ni halali kabisa, ni Mkenya, afungue hata kumi. Faida ikiingia nyumbani mume akala, halali. Lakini sheria haiangalii jina lililoko kwenye leseni, yaangalia mikono. Anayesimama nyuma ya mashine na spana ndiye anayefanya kazi, na huyo ndiye atakayeulizwa kibali. Unga mikononi ndo ushahidi wenyewe! Na ukisema hapokei mshahara nakukumbusha kwamba hata kazi ya kujitolea bila malipo watu huulizwa kibali.

Afadhali ufungue hiyo biashara ukiwa na fundi Mkenya, mume amfundishe akiwa ameshapata ruhusa yake. Isitoshe hoteli ikienda Daraja D watatakiwa kutaja Mkenya wa kujifunza, kwa hivyo huyo kijana mnamhitaji kwa vyovyote.

MamaKaranga

Haya nimenyamaza. Lakini mpishi wa pizza ninayemjua mimi ana miaka tisa na unga mikononi.

Dada_Wakili

Miaka tisa ya ndoa? Mwambie aombe uraia basi, imeshapita saba, na Italia inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu 1992 na sisi tangu 2010. Anajificha bure.

MamaKaranga

Ai! Nampelekea habari saa hii hii.

Boi_Casuarina

na akipata PR anaweza kununua shamba la ufuoni?

Dada_Wakili

Mkaazi wa kudumu bado si raia. Mgeni hamiliki ardhi zaidi ya ukodishaji usiozidi miaka 99, Katiba kifungu cha 65. Lakini hilo ni swali jingine fungua uzi wako.

BintiSilversand

Narudi na habari, mwezi umepita.

Kwanza akaunti tumebadilisha namba na imeili, na kweli kulikuwa na meseji, alhamdulillahi haikuwa mbaya, walitaka nakala ya cheti cha ndoa iliyo wazi zaidi maana ile tuliyoskani ilikuwa na kivuli cha kidole changu juu ya sahihi ya kadhi. Kidole! Miezi saba nangoja kumbe kidole. Tumepeleka upya.

Dipendanti tulienda ofisi ya hapa Malindi kuulizia, afisa kijana tu mpole, akatueleza kila kitu kinaingizwa onlaini, tukarinyu, imekubaliwa wiki iliyopita. Akatukumbusha na ile kadi ya wageni, tuliyokuwa tukiita eliyeni, nayo yaenda na pasi, kama ametaka kukaa zaidi ya siku 90 lazima awe ameandikishwa. Yake ilikuwa yaishia mwezi ule ule na sisi wala hatukukumbuka.

Meneja nilimtumia lile jibu la Dada_Wakili la faini, nzima nzima. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu akapiga simu sauti imebadilika, ati "nani amekwambia na mimi ninashtakiwa?" Nikamwambia wakili. Kimya. Halafu akasema sawa nitamwambia mhasibu aandike barua. Barua ya kwanza ilikuja imeandikwa "fundi wetu wa siku zote", nikairudisha mbio, nikamwambia hajawahi kuwa fundi wenu hata siku moja, andika mnahitaji mtu wa kukarabati mashine sita na kumfundisha kijana wenu kwa msimu huu. Ya pili ikawa sawa. Speshal pasi wameiomba wao, wamelipa wao, iko ndani sasa yangoja, na kijana wa kujifunza wamemchagua ni wa Gede, amefunzwa mambo ya friji, mume wangu amesema ana mikono mizuri.

Yule ajenti amenipigia tena, bei imeshuka hadi elfu arobaini na tano.

Kijana_wa_Shela

Hahaha ngoja wiki mbili atafika elfu tano na halua.

Dada_Wakili

Kazi nzuri sana. Sasa mpaka speshal pasi itoke asikanyage jikoni kwao na spana, hata kama mashine yawaka moto.

BintiSilversand

Hilo ndo nilikuwa nataka kuuliza la mwisho. Jana jirani yetu bibi muuza barafu na ukwaju, friza lake lilikufa, akaja analia mlangoni na beseni la vifuko vinayeyuka. Mume akaenda akakuta ni kapasita tu, akabadilisha, nusu saa. Hakuchukua pesa. Lakini leo asubuhi bibi ametuma mjukuu na mahamri kumi na mbili na mbaazi za nazi bakuli zima. Sasa dada hiyo si malipo?

Dada_Wakili

Yako moto bado?

BintiSilversand

Yamebaki manne.

Dada_Wakili

Basi ushahidi maliza, na mwambie mumeo friza la mtaa wa pili asiliguse.